Pembe ya shamba haipimwi kwa kutazama mara moja

Mhariri,

Katika toleo lenu la Jumanne mlichapisha barua ya msomaji aliyesema kwamba ugomvi wa mipaka utakwisha, kwa kuwa maseveya, yaani wapima ardhi, wameacha vyombo vya zamani na kushika mitambo ya kompyuta. Nimeisoma mara mbili. Mitambo hiyo ni mizuri, tena inaokoa siku nzima za kazi. Lakini nimefanya kazi na theodolaiti, chombo cha kupimia pembe chenye darubini, miaka 34, kwanza nikiwa kijana wa kubeba miguu yake mitatu na kufyeka njia, baadaye nikiwa msomaji wa pembe, na makosa mengi niliyoyaona hayakutoka ndani ya chombo. Yalitoka pale fimbo ya kulengea iliposimama, na kwa mtu aliyekuwa na haraka.

Nitasimulia yaliyotokea hapa kwetu Bahati, Nakuru, mwaka huu, wakati wa kulima.

Jirani yangu, mama mjane, ana ekari mbili: mita 45 kando ya barabara, kisha mita 180 za kuteremka hadi karibu na kijito. Jiwe la kona ya chini kulia liling'olewa na trekta, likapotea. Mama akafanya inavyotakiwa, akamtafuta mpima mwenye leseni, akalipa. Siku ya kazi mwenye leseni hakuonekana. Alikuja kijana wake peke yake na totali stesheni mpya kabisa, ule mtambo wa kompyuta unaopima pembe na umbali pamoja. Kijana huyo simlaumu sana, maana alitumwa peke yake kufanya kazi ya watu watatu.

Akasimamisha mtambo kwenye jiwe la kona ya juu kulia. Alipaswa kulenga kwanza jiwe la juu kushoto, mita 45 kutoka hapo, aweke sifuri, kisha azungushe mtambo mpaka apate pembe iliyoandikwa kwenye ramani, apime mita 180 na kupigilia kigingi. Ile fimbo nyekundu na nyeupe akampa mjukuu wa mama aishike juu ya jiwe hilo la kushoto, mtoto wa darasa la tano. Kando ya barabara pale pana nyasi za nepia zinazofika kiunoni. Kijana hakuona chini ya fimbo, basi akalenga ncha yake ya juu. Mimi nilikuwa upande wangu wa ua nikilisha ng'ombe, nikaona fimbo imelalia barabarani kidogo. Nikapaza sauti, "Kijana, fimbo imeinama!" Akanijibu kwa heshima, "Usijali mzee, hii mashine haidanganyi."

Kigingi kikapigiliwa, kikamwagiwa saruji jioni ile ile. Asubuhi mama akaniita nikatazame mparachichi. Mti huo marehemu mumewe aliupanda hatua moja ndani ya mpaka, na sasa uzi wa ua mpya ulikuwa karibu kugusa shina.

Nikatoa theodolaiti yangu ya zamani, ile niliyouziwa nilipostaafu, inayosoma hadi sekunde 20 (kwenye pembe, digrii moja ni dakika 60, na dakika moja ni sekunde 60). Nikafyeka nepia mpaka jiwe la juu kushoto likaonekana. Sikuweka fimbo kabisa. Nilifunga vijiti vitatu juu ya jiwe, nikaning'iniza timazi mpaka ncha yake ikatua kwenye alama, nikalenga uzi wake. Pembe niliyoipata hadi kwenye kile kigingi ilipungua ile ya ramani kwa dakika 7 na sekunde 40. Ncha ya fimbo ilikuwa imeinama kama sentimita 10. Mita 180 ni mara nne ya mita 45, kwa hiyo sentimita 10 za barabarani zilikuwa sentimita 40 kule chini. Mama alikuwa amepoteza kipande chembamba cha pembetatu, mita za mraba 36 hivi, kwa sababu ya nyasi za nepia.

Mtambo haukudanganya. Ulipima sawasawa pembe ulioonyeshwa. Ndani yake mna kifaa cha kurekebisha kuinama kwake wenyewe, lakini hakuna kompyuta inayojua kwamba mtoto aliyeko mita 45 amechoka mkono.

Kilichoniuma ni kwamba kosa lile lingeonekana kabla saruji haijachanganywa. Jiwe la chini kushoto bado lilikuwapo. Angenyoosha utepe kutoka kwenye jiwe hilo hadi kwenye kigingi chake angesoma mita 44 na sentimita 60, ilhali ramani inasema 45. Ni kazi ya dakika tano.

Sasa niseme kuhusu nyuso mbili, maana hapa ndipo vijana wengi ninaokutana nao wanaponijibu kwamba hayo ni mambo ya zamani. Uso wa kushoto ni pale duara la kupimia mwinuko linapokuwa kushoto kwa msomaji. Ukiipindua darubini na kukizungusha chombo nusu duara, linahamia kulia. Tulifundishwa kusoma kila pembe kwa nyuso zote mbili na kuchukua wastani. Mfano ni huu. Kwa uso wa kushoto unalenga kona ya kwanza, unasoma digrii 0 dakika 0 sekunde 20. Unalenga kona ya pili, unasoma digrii 90 dakika 12 sekunde 40. Unapindua. Sasa kona ya pili inasoma digrii 270 dakika 12 sekunde 20, na ya kwanza digrii 180 dakika 0 sekunde 40. Uso wa kushoto umekupa digrii 90 dakika 12 sekunde 20, wa kulia digrii 90 dakika 11 sekunde 40. Wastani ni digrii 90 na dakika 12 kamili.

Sababu yake ni kwamba hakuna chombo ambacho mstari wa darubini umekaa mraba kabisa na mhimili wake, hata kikiwa kipya. Kama kwa uso wa kushoto unavuta kulia, kwa uso wa kulia utavuta kushoto kwa kiasi kile kile, na wastani unaliondoa kosa. Kwenye uwanja tambarare kosa hili hujificha, kwa sababu linaingia sawa kwenye kona zote mbili na kujifuta lenyewe. Ndiyo maana kijana aliyejifunzia kwenye uwanja wa mpira wa chuo anaweza kuamini kwamba uso mmoja unatosha. Mlete huku kwetu kwenye miteremko, kona moja iko usawa wa chombo na nyingine chini kabisa bondeni, ndipo kosa litajitokeza. Lakini nyuso mbili haziponyi chombo kisichosimama wima. Hapo ni pimamaji: kiputo kikae katikati, uzungushe chombo nusu duara, na kibaki pale pale. Kikihama, usisome kitu.

Tukipima kazi nzito, tulirudia pembe ile ile mara nne, tukianzia duara la kusomea pembe kwenye digrii 0, halafu 45, halafu 90, halafu 135, ili alama za duara lenyewe, kama zimechorwa vibaya mahali fulani, zisitudanganye. Jesse Ramsden, fundi wa vyombo wa London, alipomaliza theodolaiti yake kubwa mwaka 1787, duara lake lilikuwa na upana wa futi 3, na yote hiyo ilikuwa ni kuhangaikia alama hizo hizo. Kwa shamba la kawaida sidai mara nne. Nadai nyuso mbili.

Hatari kubwa zaidi sasa iko kwenye ploti za futi hamsini kwa mia. Tangu Nakuru iwe jiji mwaka 2021 mashamba yanakatwa kila upande, na watu wanadhani ploti ndogo ni rahisi kupima. Ni kinyume chake. Upande wa futi 50 ni mita 15 na kidogo. Timazi ya chombo ikikosa alama ya jiwe kwa nusu sentimita tu, pembe inaweza kukosewa kwa zaidi ya dakika nzima. Nusu sentimita hiyo hiyo kwenye mstari wa mita 300 ni sekunde 3 au 4, hakuna atakayeiona. Kwa hiyo kadiri ploti inavyokuwa ndogo ndivyo mtu anavyopaswa kupiga magoti na kuitazama ile ncha. Udongo wetu huu wa majivu ya volkano nao ni mwepesi. Miguu mitatu isipokanyagwa ikazama vizuri, chombo kinashuka polepole huku unasoma, nawe huna habari.

Wenye mashamba wenzangu, hamhitaji kusomea upimaji ili kujua kama kazi imefanywa. Ombeni kitabu cha vipimo. Kama ni mtambo wa kisasa, ombeni ukurasa uliochapishwa kutoka ndani yake. Shamba la kona nne, pembe zake za ndani zikijumlishwa hutoa digrii 360. La kona tano hutoa 540. Hazitatoa kamili, na mtu akikuonyesha jumla iliyotoka kamili bila hata sekunde moja kuzidi, muulize alizipataje. Kanuni tuliyoitumia ilikuwa kuchukua usomaji mdogo kabisa wa chombo na kuuzidisha kwa mzizi wa mraba wa idadi ya kona. Kwa chombo cha sekunde 20 na kona nne, ni 20 mara 2, yaani sekunde 40. Zikizidi hapo, mnarudi shambani.

Nimeona kwa macho yangu kitabu ambamo kona nne zilitoa digrii 360 na dakika 6, na aliyeandika akazigawanya zile dakika, moja na nusu kila kona, kila kitu kikapendeza kwenye karatasi. Sekunde chache unaweza kugawanya. Dakika 6 si za kugawanya, kwa sababu kuna kona moja iliyokosewa na tatu zilizo sawa, na ukigawanya umeziharibu zote nne.

Kwenu maseveya wenye leseni, naomba jambo moja. Sheria ya Upimaji, Sura ya 299, imewapa ninyi dhamana ya kazi inayotoka kwa jina lenu. Mkimtuma kijana, mtumeni na mtu mzima wa kushika fimbo, na mzipitie pembe zake kabla hajaondoka shambani.

Mama jirani aliniuliza kama ningeweza kuking'oa kile kigingi na kukipeleka pale kinapostahili. Nilikataa. Mimi sina leseni, na jiwe la mpaka halihamishwi na mzee wa kijiji hata akiwa na hakika. Nilimwandikia usomaji wangu wote, nyuso mbili, kwenye karatasi ya daftari la mjukuu, akaupeleka ofisini kwa yule mpima. Alikuja mwenyewe Alhamisi iliyofuata saa moja asubuhi, kabla jua halijaanza kutetemesha hewa, akiwa na yule kijana. Walifyeka nepia. Walitundika timazi. Yule kijana alisoma uso wa kushoto, akapindua, akasoma wa kulia, nami nilikuwa kwenye ua nikisikiliza akizitaja sekunde kwa sauti na bosi wake akiandika. Saruji ya kwanza waliivunja kwa nyundo saa tatu na nusu.

Mpima mstaafu,
Bahati, Nakuru