MALALAMIKO: Niliomba losheni salama ya mikono, mkaniuzia mkorogo wa kujichubua halafu mkanidhalilisha mbele za watu

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Habari za kazi. Hii barua nimeiandika mara tatu nikaifuta, kwa sababu maneno yaliyokuwa yanatoka hayafai kusomwa na mtu mzima mwenye heshima zake. Sasa nimetulia kidogo, naomba na nyie muisome mpaka mwisho kwa utulivu huohuo.

Sera zenu mnazijua, za kurudisha bidhaa, za kutouza kitu kisicho na lebo, zote zimebandikwa pale kaunta kwa maandishi makubwa, sitawasomea. Naanza na Jumanne iliyopita.

Jumanne saa kumi jioni nimekuja na kopo lenu mkononi, mtoto mgongoni, nikasalimia vizuri nikasema naomba kuongea na anayehusika, losheni hii imeniharibu mikono. Akatoka yule dada mwenye beji ya supavaiza. Hakuniuliza jina wala hakusema pole. Akanishika mkono wa kulia hapa kwenye kifundo, akauinua juu kama mtu anayeonyesha kitambaa sokoni, akawageukia wateja akasema, "Mnaona vidole hivi? Hawa ndo wanajichubua huko mtaani yakiwashinda wanakuja kutuchafulia jina." Watu kama sita walikuwa kwenye foleni, wote wakaangalia vidole vyangu. Alipouachia mkono akachukua sanitaiza ya pale kaunta akajifuta viganja. Mbele yangu.

Sasa niwaambie nilichokuja kununua mara ya kwanza, maana mnaongea kama vile nilikuja kutafuta weupe. Sikutaka weupe. Mimi ni wakala wa miamala ya simu, nina meza na mwavuli pale Mwenge mwaka wa nne huu. Mwavuli unafunika kichwa na mabega, mikono inakaa mezani kutwa inahesabu hela, na jua la Dar mnalijua, halina mwezi wa kupumzika. Uso wangu una rangi yake ya siku zote, ila kuanzia kiwiko kushuka chini ni kama mikono ya mtu mwingine, na pale saa inapokaa pana mstari. Mdogo wangu alikuwa na sendofu, gauni halina mikono, nikasema nitafute kitu salama cha kusawazisha taratibu. Nilikuja miezi miwili kabla, kwa makusudi kabisa, nikijua ngozi haitaki haraka.

Na nilimwambia yule binti wa kaunta kwa mdomo wangu, dada mimi nanyonyesha, mtoto ana miezi saba, sitaki mkorogo, nataka kitu ambacho hata nikimshika mtoto sina wasiwasi. Akasema "mama ondoa shaka, hii ni nacho, yaani ya asili, ni mitishamba na maziwa ya mbuzi, wiki mbili tu mikono inafanana na uso". Akaingia kule nyuma ya pazia akarudi na kopo jeupe halina jina, halina viambato, halina tarehe ya kuisha, limechotwa kwenye ndoo maana pembeni ya mfuniko krimu ilikuwa imemwagikia. Shilingi 45,000. Nikaomba risiti, akaniandikia kwenye karatasi ya daftari, akasema mashine ya EFD haina mtandao. Hiyo karatasi ninayo, na mwandiko wake ninao.

Wiki ya kwanza kweli ngozi iling'aa, sitasema uongo. Nikafurahi nikawatangazia hadi majirani, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuna mama mmoja muuza matunda alikuja kwenu kwa sababu yangu. Wiki ya tatu mikono ikawa myekundu, vifundo vya vidole vikabaki vyeusi tii, yaani sugu kabisa, huku ngozi inayovizunguka imechujuka. Kwenye kunjo la kiwiko ikatokea michirizi kama ya tumbo la mjamzito. Nikiacha kupaka siku mbili inawaka moto nashindwa hata kufua, nikirudia kupaka inatulia. Sendofu nilivaa gauni na koti juu, kwenye joto lile, na kwenye picha zote mikono nimeificha nyuma.

Daktari wa ngozi niliyemwona, kwa hela yangu, aliangalia dakika mbili tu akauliza, "ulipaka nini?" Nikamwonyesha kopo. Akasema bila kupima maabara hawezi kuapa ndani kuna nini, ila michirizi na huo moto wa kuacha ni dalili za steroidi kali, zile za jamii ya klobetasoli, ambayo ni dawa ya kuandikiwa na daktari, siyo ya kuchota kwenye ndoo. Na sugu za vidole ni alama ambayo yeye na wenzake wanaiona kila siku kwa watu waliopaka mkorogo. Akauliza mtoto ananyonya amelalia wapi. Nikamwambia analalia mkono huu huu. Akanyamaza kidogo, halafu akasema kama humo kuna zebaki basi inahama kwa kugusana, inahama hata kwa taulo na shuka, na zebaki inakula figo. Wakubwa zangu, mimi nilitoka pale nikakaa kwenye benchi la nje nikalia mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimefiwa.

Halafu akanipa maelezo ambayo ningeyapata kwenu siku ile ya kwanza. Akanifunua mkono kwa ndani, juu karibu na kwapa, akasema rangi yako halisi ni hii, hapa jua halifiki, kazi yetu ni mikono irudi hapa na siyo ipite hapa. Shati la pamba la mikono mirefu ukiwa mezani. Sanskrini, ile krimu ya kukinga jua, ya kipimo (SPF) cha 30 kwenda juu, ipakwe ya kutosha siyo tone kama manukato, irudiwe kila baada ya masaa mawili na kila ukinawa. Losheni ya kawaida yenye yurea, au yenye niasinamidi, na kila kipya kijaribiwe kwanza sehemu ndogo ndani ya kiwiko siku mbili. Na akasema uso ngozi yake inajibadilisha haraka, mikono inachelewa, kwahiyo ni miezi, anayekuahidi wiki mbili anakuuzia ugonjwa. Mambo ya dakika tano hayo! Sanskrini mnayo kwenye rafu ya juu nimeiona kwa macho yangu, losheni zilizofungwa zenye lebo mnazo, binti angeniuzia hivyo viwili na bado 45,000 yangu mngeipata. Kwanini mlinipeleka kwenye ndoo?

Nirudi tena pale kaunta kwa sababu sijamaliza. Aliponiinua mkono, mtoto mgongoni alishtuka akaanza kulia, na mimi mkono mmoja umeshikwa, wa pili una kopo, siwezi hata kumbembeleza mwanangu. Mkono wenyewe ulikuwa unawaka, kushikwa tu ni maumivu, nikamwambia dada unaniumiza, hakuachia. Msichana mmoja kwenye foleni alinyanyua simu, sijui kama alirekodi, mpaka leo naogopa kufungua makundi ya watsap. Na yule binti aliyeniuzia alikuwa amesimama hatua mbili pale, nikamwambia si wewe uliyeniuzia, sema basi, akageuka akaanza kupanga sabuni kwenye rafu. Ndo supavaiza akasema bila risiti ya mashine mimi siyo mteja wao, na mwisho ile sanitaiza. Amejifuta kama amegusa uchafu, na uchafu wenyewe umetoka kwenye ndoo yenu.

Ninachotaka. Mwanzo nilikuwa nataka 45,000 yangu na samahani basi, hata nauli nilikuwa nimewasamehe. Ila kadiri ninavyoandika naona hiyo ni ndogo mno. Mnirudishie hela ya losheni, mlipe gharama za daktari na dawa nilizonunua hadi sasa, risiti zote ninazo, na mlipie matibabu mpaka daktari aseme basi. Supavaiza aniombe radhi palepale kaunta, wateja wakiwepo, kwa sababu hakunitukana chumbani. Na ile ndoo itoke. Siyo ihamishiwe tawi lingine, itoke kabisa, na mwite kila mliyemchotea, mkianza na yule mama wa matunda, mumwambie aache kupaka akaonane na daktari.

Msije mkanizungusha kwamba nipeleke sijui wapi. Najua tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, siyo TFDA tena, na najua zebaki na hidrokwinoni, ile kemikali ya kuchubua ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchi hii. Kopo bado lina zaidi ya nusu, nimelifunga kwenye mfuko wa nailoni nikaliweka mbali na mtoto. Nawapa siku saba kuanzia leo. Zikipita kimya, kopo linaenda TBS kupimwa, malalamiko yanaenda FCC, tume ya ushindani, ile karatasi ya daftari inaenda TRA wajionee risiti zenu, na picha za mikono yangu nitaziweka mtandaoni mwenyewe kabla huyo msichana wa simu hajaziweka. Nilikuwa sitaki kufika huko. Jirani yangu ana shemeji yake wakili na ameshaniambia niache kuandika barua.

Jumatatu ijayo saa nne asubuhi, majibu yawepo yasiwepo, nitakuwa pale kaunta na mume wangu. Atakayenishika mkono tena safari hiyo tutaongelea polisi.

Wenu,
Mama wa meza ya miamala, Mwenge.