Barua ya malalamiko: mbegu za vitunguu zilizobandikwa tarehe juu ya tarehe

Ujiji,
Kigoma.
2 Aprili 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya mbegu za mbogamboga,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MBEGU ZA VITUNGUU ZILIZOSHINDWA KUOTA NA STIKA ILIYOFICHA TAREHE YA MWISHO WA MATUMIZI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu kwa mwaka wa sita sasa. Naotesha miche ya mboga nyuma ya nyumba yangu hapa Ujiji. Kwanza napanda bustani yangu, na miche inayobaki nawauzia majirani. Si shamba kubwa, ni matuta manne chini ya kivuli cha makuti ya mchikichi, lakini ndiyo yanayonilipia ada za wajukuu. Naeleza hivi mjue kwamba anayewaandikia hajaanza kushika mbegu jana.

Tarehe 8 Februari nilinunua kwa wakala wenu hapa Kigoma mjini pakiti 3 za vitunguu aina ya Red Bombay, za gramu 50 kila moja, pamoja na pakiti moja ya nyanya na moja ya mchicha. Zote za kampuni yenu, siku moja, risiti moja. Vitunguu peke yake vilinigharimu shilingi 36,000. Tarehe 15 nikasia pakiti mbili za vitunguu katika tuta moja lenye upana wa mita moja, nikasia nyanya na mchicha kwenye ncha ya tuta hilohilo kwa sababu tuta la pembeni yake lilikuwa bado lina miche ya biringanya.

Nataka mjue tuta lile lilivyoandaliwa, maana ndilo mlilolilaumu nilipowapigia simu. Udongo ni wa juu, nimeuchanganya na samadi ya mbuzi iliyokaa miezi mitano hadi haina harufu, na mchanga niliousomba ziwani ili maji yasituame. Kabla ya kusia niliwasha nyasi kavu juu ya tuta, nikaacha lipoe siku mbili, kwa kuogopa ugonjwa wa kinyausi usije kukata miche shingoni kama mwaka juzi. Mistari niliichora kwa kijiti, kina cha sentimita moja, nafasi ya kiganja kati ya mstari na mstari. Nikafunika kwa udongo laini uliochekechwa, juu yake nyasi, nikamwagilia asubuhi na jioni kwa kopo nililolitoboa matundu madogo kwa msumari, maana ukimimina kwa ndoo mbegu zinahama zote zinakwenda kulala upande mmoja.

Siku ya nne mchicha ulitoka. Siku ya sita nyanya zikachomoza, nikainua nyasi. Vitunguu kimya. Sikushtuka, kwa sababu vitunguu ni vizito, huchukua siku saba hadi kumi, na pakiti za miaka ya nyuma zilinizoesha hivyo. Siku ya kumi nikapiga magoti na miwani yangu, nikapita mstari kwa mstari. Mbegu ya kitunguu ikiota haitoki imenyooka. Hutoka imejikunja kama goti, kijani chembamba kama uzi, ndipo baadaye kichwa kinajing'oa kutoka kwenye udongo kikiwa bado kimebeba ganda jeusi la mbegu. Nilizihesabu goti hizo katika mistari 22. Zilikuwa 61. Gramu moja ya mbegu za vitunguu ina mbegu zaidi ya 200, na mimi nilikuwa nimemwaga gramu 100. Fanyeni hesabu wenyewe.

Siku ya 18 nilipiga simu kwenye namba iliyo nyuma ya pakiti. Kijana aliyepokea alinisalimu vizuri, shikamoo mama, nami nikamwitikia. Akaniuliza kama nilizika mbegu chini sana. Nikamweleza kina. Akauliza kama udongo wangu ni mfinyanzi. Nikamweleza mchanganyiko. Akauliza kama nilimwagilia kupita kiasi, kisha akarudi tena kwenye swali la kuzika chini. Nikamwambia, mwanangu, nyanya na mchicha vipo tuta hilohilo, vimepata maji hayohayo kutoka kopo hilohilo kwa mkono huuhuu, na vimeota. Alinyamaza kidogo, akasema atalifikisha kwa wakubwa, nitapigiwa. Leo ni siku ya 28 tangu simu hiyo. Sikupigiwa.

Kwa kuwa nilionekana ni mimi niliyekosea, nikaamua kuitoa ardhi kabisa kwenye hesabu. Pakiti ya tatu nilikuwa sijaigusa. Niliifungua, nikahesabu mbegu 100, nikazipanga kumi kumi juu ya kipande cha kanga kuukuu nilichokichemsha na kukikamua. Nikakikunja, nikakiweka kwenye bakuli la plastiki lenye mfuniko, nikaliweka nyuma ya mlango wa jikoni pasipo jua. Kila asubuhi nilifunua na kunyunyiza maji. Njia hii nilifundishwa na marehemu mama yangu kwa mahindi na maharage, na afisa kilimo wa kata naye aliponisikia akasema ni sahihi kwa mboga pia.

Siku ya 12 nikafunga hesabu. Mbegu 9 zilikuwa zimetoa mzizi mweupe. Nyingine zilikuwa zimevimba tu bila kupasuka, na zaidi ya nusu, ukizibonyeza kwa ukucha, zinatoka ute wa kijivu. Nikarudia na mbegu nyingine 100 kutoka pakiti ileile, kwa kuwa sikutaka kumsingizia mtu kwa jaribio moja. Zikaota 7. Jumla ni 16 katika 200, yaani asilimia 8. Pakiti yenu imeandikwa uotaji asilimia 85.

Sasa naja kwenye jambo lililonifanya niandike barua badala ya kupiga simu nyingine.

Wakati wa kuhesabu mbegu za jaribio la pili, pakiti ilikuwa imelowa kidogo kwa maji ya ile kanga. Pale penye tarehe karatasi ikaanza kunyanyuka kona. Nilidhani ni pakiti yenyewe inachanika. Kumbe ni stika ndogo nyeupe, upana wa ukucha wa kidole gumba, imepigwa chapa: mwisho wa matumizi Agosti 2025. Niliibandua taratibu kwa ncha ya wembe. Chini yake, kwa wino uleule uliotumika kuandika namba ya bechi, imeandikwa Agosti 2023. Nikazichukua zile pakiti mbili tupu nilizokuwa nimezitunza kwenye kopo la misumari. Nazo zina stika, na chini ya stika ni Agosti 2023. Namba ya bechi ni moja kwa zote tatu. Pakiti ya nyanya na ya mchicha hazina stika yoyote.

Nilikaa kwenye kigoda jikoni nikizitazama zile pakiti kwa muda mrefu. Mbegu za nyanya zikikaa mwaka mmoja au miwili zaidi, bado unaweza kuzitegemea, nimewahi kuotesha za miaka minne. Lakini vitunguu haviwezi. Kila anayeotesha anajua mbegu ya kitunguu ina maisha mafupi kuliko karibu mboga zote tunazopanda, na huku kwetu kandokando ya ziwa, penye joto na unyevunyevu wa masika, hayo maisha mafupi yanafupishwa zaidi. Kwa hiyo aliyechagua kuongezea miaka miwili kwenye mbegu za vitunguu alichagua mbegu isiyostahimili hata kidogo.

Nilikwenda kwa wakala wenu na pakiti mkononi. Simtetei, ila nasema nilichokiona. Alinifungulia boksi lililobaki stoo, bado lina gundi ya kiwandani upande mmoja, na pakiti zote ndani zina stika ile. Alisema zimemfikia hivyo na gari la mizigo mwezi Januari. Alionekana kuaibika, akaniomba radhi, akazitoa rafuni mbele yangu. Mtakaponiambia kwamba duka lilizihifadhi vibaya, nitawajibu mapema: bango lililo juu ya mlango wa duka lile ni lenu, na sisi wateja tunaingia pale kwa sababu ya bango hilo. Na joto la duka haliwezi kuchapa stika.

Kuhusu hasara, msihesabu shilingi 36,000 peke yake. Miche ya vitunguu hukaa kitaluni wiki sita hadi nane. Nikisia katikati ya Februari, napandikiza Aprili ardhi ingali na maji ya masika, mvua zinaisha Mei, vitunguu vinajaza na kukomaa kiangazi, na Agosti navitandaza juu ya kichanja vikauke shingo vizuri bila kuoza. Ndiyo sababu nasia Februari na si wakati mwingine. Nikianza upya leo, miche itakuwa tayari mwishoni mwa Mei au Juni. Hapo nitamwagilia kwa ndoo kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho, maji yenyewe ni ya mgawo, na kukomaa kutasogea hadi kukaribia mvua za Novemba. Kitunguu kilichovunwa kwenye mvua hakikai. Msimu wangu wa vitunguu wa mwaka huu umekwisha kabla haujaanza.

Halafu kuna watu. Majirani wanne walikuwa wamenitangulizia pesa za miche, mmoja ni bibi anayeishi peke yake, aliyeniletea elfu tano akiwa amezifunga kwenye pindo la kanga. Nimewarudishia wote kutoka mfukoni mwangu. Bibi yule alikataa kuzipokea, akasema nimpe mwaka kesho. Sikukubali, nikamwekea mkononi. Kazi hii ya miche ni ya kuaminiana. Mtu ananunua kijani chenye urefu wa kidole bila kujua kama kitazaa, ananunua kwa kuwa anajua ni mimi niliyekiotesha. Na mimi vivyo hivyo nilikuwa nanunua mbegu nyeusi ndani ya karatasi iliyofungwa kwa kuwa najua ni ninyi mlioifunga. Nilikuwa nawasifia kwa watu. Kikundi chetu cha kina mama, watu 14, walihamia mbegu zenu kwa kunisikiliza mimi.

Kwa hiyo naomba mambo haya, na naomba yajibiwe kwa maandishi.

Nataka kwanza kabisa maelezo ya stika. Nani aliiweka, wapi, na kwa kipimo gani. Nafahamu kwamba mbegu zinaweza kupimwa upya na kuongezewa muda. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi cheti cha kipimo hicho kipo, na asilimia ya uotaji iliyopatikana ipo, nami naomba nakala. Kama hakipo, mnajua mnachopaswa kukiita.

Pili, bechi ile iondolewe madukani, si Kigoma mjini peke yake. Wakala alinieleza kwamba gari lililomletea lilikuwa na maboksi ya Kasulu na Kibondo. Huko kuna watu wanaosia sasa hivi, wiki hii, na wao hawajaiona ile kona ya stika ikinyanyuka. Hili ndilo lenye haraka kuliko yote, na kama mtakuwa na uwezo wa kutekeleza moja tu wiki hii, tekelezeni hili na pesa zangu zisubiri.

Pesa nazo nazitaka: shilingi 36,000 za mbegu, na fidia ya miche ambayo ningeiuza, ambayo niko tayari tukae tuihesabu kwa haki kutokana na daftari langu la mauzo la miaka mitatu iliyopita. Sitaki kupewa mbegu nyingine za bure badala ya pesa. Mbegu za vitunguu kwa sasa hazinisaidii, nimeshaeleza kwa nini.

Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 ipo, na ipo taasisi, TOSCI ya Morogoro, yenye kazi ya kuthibitisha ubora wa mbegu nchini. Nimeongea na afisa kilimo wetu na amekubali kunisaidia kupeleka sampuli. Pakiti ya tatu bado ina karibu mbegu zake zote, nimeifunga kwenye chupa kavu yenye mfuniko, pamoja na stika zote tatu nilizozibandua. Sitawatumia hivyo vitu, nimeambatanisha picha zake tu, pamoja na nakala ya risiti na picha za kanga siku ya 12. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu, chupa hiyo itakwenda Morogoro.

Wiki hii nimelichimbua lile tuta. Zile goti 61, zilizobaki hai ni 43, nimezihamishia kwenye kona karibu na mlango, nazimwagilia. Kwenye nafasi yao nimesia mchicha kutoka pakiti yenu ileile ya Februari, na jana jioni ulikuwa umeshatoka.

Namba yangu ya simu mnayo tangu siku ile nilipopiga.

Mteja wenu,
Mama wa kitalu, Ujiji.

Nakala:
Afisa Kilimo wa Kata.
Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI), Morogoro – itatumwa baada ya siku 14.