Mlangoni wapo, ulingoni hawapo

Bwana Mhariri,

Mara ya mwisho niliwaandikia juu ya mashimo ya barabara yetu. Hamkuchapa, nikanyamaza miaka yote hii. Lakini ile habari yenu ya juzi, kwamba gala, yaani maonyesho ya mapambano, za ngumi, karate na judo zitalipiwa ruhusa mpya "kwa ajili ya usalama wa wachezaji", imenifanya nitafute miwani. Usalama! Mwandishi wenu amelinukuu neno hilo mara nne na hakumuuliza yule bwana aliyelisema swali moja dogo: feza hizo zitanunua machela ngapi?

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimeshona nyuso nyingi za watu wa mji huu, za walevi na za mabondia, na mabondia ndio wanaosema asante.

Mwaka juzi wakati wa kiangazi, vijana waandaaji wa ngumi wa hapa Katuba, Lubumbashi, walinikuta nyumbani nachekecha unga wa bukari. Daktari aliyeandikwa kwenye karatasi zao hapatikani kwa simu, tafadhali mama, njoo ukae kando ya ulingo. Nikabeba mfuko wangu: pamba, barafu, uzi, mkasi. Mlangoni nikakuta meza mbili na watu watatu. Wa kwanza anakata risiti za mji, wa pili za michezo, wa tatu hadi leo sijui alitumwa na nani, ila muhuri alikuwa nao. Ilipofika saa mbili usiku, kabla hata ngumi moja haijarushwa, wote watatu walishaondoka na mikoba yao. Wameacha karatasi yenye mstari "Daktari wa pambano", na kijana mmoja wa waandaaji akanisogezea kalamu: "Mama, weka tu sinyatire, njo vile banafanyaka." Nikamwambia mimi si daktari. Akacheka kwa heshima. Nikatia sahihi, Bwana Mhariri, na aibu hiyo ni yangu, simbebeshi mtu.

Pambano la tano, mtoto wa miaka 19 akapigwa kidevuni, akaenda chali, kisogo kikagonga mbao. Nasema mbao kwa sababu ulingo wenyewe ulikuwa mbao zilizofunikwa turubai la lori, chini hakuna hata godoro. Nikamuuliza leo ni siku gani, hajui. Akaanza kutapika. Nikamulika macho kwa tochi ya simu: mboni ya kushoto imefunguka kuliko ya kulia, na kila muuguzi anajua hiyo maana yake ni nini, damu inaweza kuwa inavuja ndani ya fuvu na inaubana ubongo. Ambulansi hakuna. Tulimpakia kwenye gari lililoleta makreti ya bia, kichwa chake mapajani mwangu, na dereva akisimama kila kona kuuliza njia. Hospitalini wakataka kosyo, pesa ya dhamana, kwanza, ndipo wamguse. Waandaaji wakageuza mifuko nje nje: chao kilishaliwa pale mlangoni. Tukachanga, mimi nikaacha simu yangu rehani. Alipona, Mungu ni mkubwa, ingawa sikio moja halisikii vizuri tena. Lakini kinachoniwasha mpaka leo nilikijua kesho yake, kutoka kwa mama yake: siku 6 kabla ya hapo, mtoto huyo huyo alikuwa ameangushwa ulingoni kule Kampemba, mtaa mwingine wa mji huu, akazimia. Kanuni za ngumi za ridhaa ziko wazi, aliyeangushwa kwa pigo la kichwa apumzike angalau siku 30, na iandikwe katika kitabu chake cha bondia. Kitabu gani? Daftari la shule la kurasa 48 lingetosha, na hilo halikuwepo. Risiti za vitabu vitatu zilikuwepo.

Wala msiniambie serikali haiwezi kungoja. Mwaka 1974 nilikuwa msichana wa shule, na baba alinunua betri mpya za redio kwa ajili ya tarehe 25 Septemba, pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman kule Kinshasa. Foreman akachanika juu ya jicho akiwa mazoezini, pambano likasogezwa hadi 30 Oktoba. Wiki tano, dola milioni 5 za kila bondia zikikaa, taifa zima linangoja ngozi ya mtu mmoja ifunge! Betri za baba ziliisha zikipiga muziki. Na sisemi walikosea, ndivyo inavyotakiwa. Nauliza tu kwa nini nyusi ya Mmarekani ingojewe wiki tano, na kichwa cha mtoto wa Katuba kisingojewe hata wiki mbili.

Sumbu Kalambay alizaliwa mji huu huu, mwaka 1956. Alipochukua ubingwa wa dunia wa chama cha ngumi cha WBA, uzito wa kati, mwaka 1987, alikuwa bondia wa Italia. Popole Misenga, mwana judo wa Bukavu, alipelekwa Rio mwaka 2013 kwenye mashindano ya dunia, akatoroka timu yetu ya Kongo, akasimulia kwamba viongozi waliwanyima chakula na kukaa na pasipoti zao. Olimpiki ya 2016 alicheza na timu ya wakimbizi. Halafu tunauliza mbona hawarudi.

Na maadamu kalamu bado iko mkononi: ukumbi ambao vijana hao walifanyia mazoezi sasa ni kanisa, spika nne zimeelekezwa kwenye dirisha langu, maombi hadi alfajiri. Huko sijaona meza mlangoni.

Basi ruhusa hiyo mpya iwekeni, nakubali. Ila anayekata risiti asiondoke. Apewe stuli kwenye kona nyekundu, ashike ndoo na sponji, na asifunge mkoba wake mpaka bondia wa mwisho ataje jina lake, la mama yake, na siku ya leo. Ndoo ninayo, ya lita 10, mpini bado mzima. Waje waichukue.

Muuguzi mstaafu,
Katuba, Lubumbashi