Deni jipya likitangazwa ghafla, tuandikieni bei pia

MHARIRI,

Hazina ya Taifa ya Kenya inapotangaza deni ambalo soko halikulitarajia, magazeti huandika kwamba riba imepanda. Kwa anayetaka kununua hatifungani, yaani hati ya kuikopesha serikali kwa riba, hiyo ni heri. Aliyenunua mwaka jana, na sasa anahitaji pesa za karo, amepata hasara bila kuambiwa, kwani riba mpya ikipanda, bei ya hatifungani yake ya zamani hushuka.

Chukueni hatifungani ya Sh100,000 inayolipa asilimia 13 kwa mwaka, nusu yake kila miezi sita, na imebakiza miaka 10 kabla ya kuiva, yaani kabla ya mwenyewe kurudishiwa pesa zake. Soko likianza kudai asilimia 14, bei yake hushuka hadi karibu Sh94,700. Iliyobakiza miaka miwili hushuka hadi Sh98,300 hivi. Ndiyo maana tangazo likitoka, wafanyabiashara wa hatifungani huondoa kwanza sokoni bei walizokuwa wametangaza za zile za muda mrefu. Kisha huuliza: ni kiasi gani, cha miaka mingapi, na riba itakatwa kodi?

Hilo la kodi ndilo zito. Februari 2024 Benki Kuu ilitafuta Sh70 bilioni kwa hatifungani ya miundomsingi (ya kugharimia miradi kama barabara) ya miaka 8.5. Ilichukua takriban Sh241 bilioni, zaidi ya mara tatu, kwa riba ya asilimia 18.4607 isiyotozwa kodi. Hatifungani ya kawaida ya muda huo hukatwa asilimia 15 ya riba, kwa hiyo ingehitaji kulipa karibu asilimia 21.7 kumwachia mwenyewe kiasi hicho. Nani basi angeinunua ya zamani ya asilimia 13 kwa bei kamili?

Si kila tangazo huangusha bei. Mwezi huo huo serikali ilinunua mapema sehemu kubwa ya deni la dola bilioni 2 lililokuwa liive Juni, na hofu ya wakopeshaji wa nje ikapungua.

Mwenye akiba ndogo asikimbilie kuuza siku ya kwanza, kwani ndipo pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza huwa pana zaidi. Akilazimika, aulize madalali wawili au zaidi, na ahakikishe kama bei anayotajiwa imejumlisha riba iliyokwisha kulimbikizwa tangu malipo ya mwisho. Anayeweza kungoja hadi hatifungani iive atalipwa Sh100,000 zake zote, na riba yake haibadiliki.

Tunaomba basi, kando ya kiwango cha riba, mchapishe bei kwa kila Sh100, miaka iliyobaki, na kodi inayokatwa.

Msomaji wenu,
Upper Hill, Nairobi