Kaka, Jai alikufa: barua kwa ndugu yangu aliyeko Muscat

Kaka, asalaam aleikum.

Najua simu unayo, na ujumbe wa sauti ungekufikia kabla chai yangu haijapoa. Lakini nikizidisha dakika mbili husikilizi, unajibu "sawa sawa" halafu unaniuliza hali ya mama. Kwa hiyo nakuandikia hapa, mbele za watu, wapate kuwa mashahidi.

Jai alikufa.

Usijitie kusahau. Iddi ile ya Sholay, ile picha ya Kihindi ya Jai na Veeru, kwenye kibanda umiza pale Ngamiani. Nguo zetu bado zinanuka duka, pesa za sikukuu tumezifunga kwenye pindo la kitambaa, na wewe umetuketisha benchi la pili kutoka mbele: mdogo wetu kushoto kwako, mimi kulia, wewe katikati na soda yako ambayo hukumwonjesha mtu. Kanda haikuwa na maandishi, na sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa picha za kigeni, ilikuwa bado haijafika mtaani kwetu. Mtafsiri wetu ulikuwa wewe, mtoto wa darasa la saba, Kihindi chako chote umekiokota kwenye nyimbo.

Wiki mbili zilizopita nimeiangalia tena nyumbani kwa mdogo wetu, mwanzo hadi mwisho, safari hii yenye maandishi. Ni picha ya mwaka 1975, ya Ramesh Sippy, inapita saa tatu. Wanawe walikuwa wameshalala kabla Gabbar Singh, yule mkuu wa majambazi, hajatokea. Tukabaki wawili, yeye na mimi na bakuli la bisi, na mimi nina daftari mkononi. Ndiyo, daftari. Nilikuwa nakusahihisha.

Anza na pale kwenye majabali. Gabbar anatembea huku na huku, mkanda wa risasi unaburuzwa juu ya mawe, vijana wake watatu wamesimama wanatetemeka. Wewe ulituambia anauliza, "Pesa zangu ziko wapi?" Miaka mingapi tumelicheza uani swali hilo! Kumbe anasema "Kitne aadmi the?", walikuwa watu wangapi. Anataka kujua ni wangapi waliowatimua vijana wake kijijini, na jibu ni wawili tu, hiyo ndiyo aibu yenyewe. Nikutendee haki lakini: pesa inatajwa mara baada ya hapo, rupia elfu hamsini. Ila ni zawadi ambayo serikali imeweka juu ya kichwa chake, naye anamtaka mtu wake aitaje kwa sauti ili ajisifu nayo. Nimekupa alama nusu.

Halafu yule Thakur, aliyekuwa ofisa wa polisi, anayemwinda Gabbar. Ulisema anajifunga shuka muda wote kwa sababu ana homa. Homa, kaka! Mtu aliyekatwa mikono yote miwili na Gabbar. Na shuka lenyewe linaanguka mbele ya macho yetu, mikono hakuna, wewe ukasema, "Ameificha nyuma."

Hayo yote nayacheka, wala sina kinyongo. Kinachonikalisha usiku ni pale darajani.

Unakumbuka wako watatu, Veeru na Jai na Basanti, majambazi wanawaandama, risasi zinakwisha. Mmoja abaki kuwazuia, mwingine ampeleke yule msichana na kuleta risasi nyingine. Wanarusha sarafu, kama walivyorusha tangu mwanzo wa picha kila wakiwa na jambo la kuamua. Jai anashinda, Jai anabaki. Analipua daraja, na Veeru anaporudi anamkuta rafiki yake ana dakika chache tu. Amitabh Bachchan anakufa mikononi mwa Dharmendra, anakufa kabisa, na tunaoneshwa moto wa mazishi. Mimi nilikaa nikitazama ule moto nikiisikia sauti yako waziwazi: "Amezimia. Watampeleka hospitali. Steringi hafi." Na moto je? "Wanachoma nguo zenye damu." Kisha ukatuongezea kwamba akipona atamwoa Radha, yule mjane anayewasha taa jioni huku Jai akipiga kinanda cha mdomo, na harusi ipo kwenye kanda ya pili ambayo mwenye kibanda hanayo.

Miaka yote hii, kaka, kichwani mwangu Radha ameolewa. Jaya Bachchan nilikuwa nimeshamzalisha watoto wawili. Sasa namwona amevaa nyeupe ileile, hakuna aliyemsemesha jambo la furaha tena, na nikaona kama nimepewa habari ya msiba wa ndugu miaka thelathini baada ya maziko.

Na sarafu sasa. Hili hukutuambia, na sidhani kama wakati ule ulilielewa. Jai akishafariki, Veeru anaiokota ile sarafu na kuigeuza. Pande zote mbili zinafanana. Kila waliporusha, Jai alikuwa ameshajichagulia, rafiki yake akidhani ni bahati. Nilisimamisha picha hapo. Mdogo wetu akaniuliza nini, nikamwambia nataka maji.

Siku tatu baadaye nikaangalia Supa Modo, ya Likarion Wainaina, ile ya Wakenya ya mwaka 2018. Sikuwa nimepanga zifuatane. Kama hujaiona, itafute, ni fupi, saa moja na robo hivi. Kuna mtoto, Jo, anaumwa ugonjwa usio na dawa, na mama yake anamtoa hospitali ili siku zake zilizobaki aziishi nyumbani. Mtoto mwenyewe anapenda picha za mapigano kuliko chakula na anaota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Basi dada yake, Mwix, anaanza kumfanyia mchezo aamini kwamba nguvu hizo anazo, na kidogo kidogo kijiji kizima kinaingia mchezoni, watu wazima na heshima zao wanajitia kushindwa na mtoto wa miaka tisa.

Waliowahi kuniambia habari za picha hii wote walimpenda Mwix. Mimi nilimshika mama. Mama hataki mchezo. Anataka mtoto alale, apumzike, asidanganywe, na watu wanamwona mkali. Lakini ndiye anayejua hesabu ya siku! Yule aliyekaa kwenye kiti cha hospitali na kuambiwa na daktari, halafu akarudi nyumbani na mtoto, unamtaka acheze na nani? Anapokuja kulegea nililia, nakiri, lakini sikumlilia Jo. Nilimlilia huyo mama, kwa jinsi alivyoachiwa ukweli aubebe peke yake wakati wengine wote wanaigiza.

Ndipo nikakukumbuka wewe na soda yako. Ulikuwa na miaka mingapi, kumi na minne? Ulijua Jai amekufa. Ulijua, na ukakaa katikati yetu ukaendelea kutunga harusi, wakati kibanda kizima kimenyamaza na wanaume wazima wanajifuta macho kwa kola.

Nikupe na jambo la kukufariji, maana nimekushambulia vya kutosha. Mwisho wa Sholay tulioujua, ule ambao polisi wanafika na kumzuia Thakur asimuue Gabbar, haukuwa ule wa kwanza. Walipiga picha Thakur akimmaliza kwa viatu vyake vya misumari. India ilikuwa kwenye hali ya hatari mwaka ule, na bodi ya ukaguzi haikutaka kuona aliyekuwa ofisa wa polisi akijichukulia sheria mkononi, hata kama mkono wenyewe hana. Wakalazimika kupiga mwisho mwingine. Mwaka 2025 nakala iliyokarabatiwa, yenye mwisho wa kwanza, ilioneshwa kule Bologna, Italia. Kwa hiyo wewe hukuwa peke yako katika kazi ya kugeuza picha, ila bodi ilimwokoa Gabbar na wewe ulimwokoa Jai. Kati ya hao wawili namchagua mkaguzi wangu.

Nimeangalia pia Vuta N'Kuvute. Sitasema mengi, kwa sababu kitabu cha Adam Shafi ulikisoma kabla yangu na najua utaanza "wamemwacha fulani, wameruka pale". Wameruka, ndiyo, riwaya nzima haiingii ndani ya saa moja na nusu. Lakini Amil Shivji ameipiga picha Unguja ya miaka ya hamsini kwa namna ambayo usiku wake una joto, unaweza kuugusa, na Siti Amina akiwa Mwajuma hutaki atoke mbele ya kamera. Kilichonigusa zaidi ni kitu kidogo: sikuwa na haja ya mtafsiri. Watu wananong'ona kwa Kiswahili cha kwetu, na mimi nasikia kila neno. Nilijihisi mpweke kidogo, ukitaka ukweli. Sikio la kushoto lilikuwa linasubiri.

Sasa nije kwenye sababu ya barua.

Siku ile baada ya sarafu, niliporudi na maji yangu, nilimwambia mdogo wetu, "Masikini kaka, alidanganya kwa ajili yako. Ulikuwa unalia mpaka watu wakageuka." Miaka yote ndivyo ninavyoikumbuka: yeye analia, wewe unambembeleza kwa uongo, mimi mkubwa nimetulia nasikiliza.

Akanitazama. Akasema yeye siku ile hakulia hata chozi, alikuwa anaitazama soda. Akasema, "Aliyelia ni wewe. Ulilia mpaka ukatapika mihogo, kaka akakufuta kwa kanzu yake mpya, na mama akamchapa kwa ajili ya ile kanzu."

Nimekataa. Nimebishana naye hadi saa sita usiku, tukawaamsha watoto. Sikumbuki mihogo, sikumbuki kanzu. Lakini nikifumba macho nakumbuka kitambaa kigumu kipya kinanikwaruza mdomoni, na siwezi kusema kimetoka wapi.

Kwa hiyo, kaka, wewe uliyekaa katikati: nani alilia? Umekaa na Wahindi kazini huko zaidi ya miaka kumi, mama anasema siku hizi unakizungumza Kihindi hadi unagombana nacho, hivyo najua hata ile picha yenyewe ukitaka unaweza kuisikiliza upya. Jibu kwa maandishi, nataka kumwonesha mtu. Na kama ni mimi, basi nipigie, usiandike.