Barua ya wazi kwa shangazi yangu wa Muheza

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa Durham, mji mdogo wa kaskazini mashariki mwa Uingereza, na nimeamua kuiweka barua hii hadharani kwa sababu swali uliloniuliza kwenye simu wiki ya Pasaka nimeulizwa pia na jamaa zetu wengine, wa Tanga na wa Houston. Ulisema: "Wale waliotuletea dini wameiacha wenyewe, makanisa wanayageuza baa. Wewe umetoka Marekani kwenda kusoma nini kwao?" Siku ile nilijibu harakaharaka kwamba chuo ni kizuri, kisha nikakuuliza habari za mahindi. Najua hukuridhika. Hata mimi sikuridhika.

Ulichosema kina ukweli ndani yake. Yako makanisa hapa yaliyofungwa na kugeuzwa makazi ya watu au maduka, na katika kanisa dogo ninakosali Jumapili huwa hatuzidi watu thelathini, wengi wao wa rika lako au wakubwa kuliko wewe. Mimi nimetoka Magila Msalabani, ambako watoto tulikaa sakafuni kwa sababu mabenchi yalikuwa yamejaa, nikakulia Houston, ambako mgeni akiingia kanisani huombwa asimame, ataje jina lake na apigiwe makofi. Hapa nilisali wiki tatu bila mtu kuniuliza jina. Nilirudi chumbani na huzuni, nikiamini kwamba hawanitaki. Jumapili ya nne, baada ya ibada, mama mmoja mzee aliyekuwa akiosha vikombe vya chai nyuma ya kanisa alinipa kitambaa cha kukaushia vyombo, akasogea kidogo ili nipate nafasi pembeni yake. Tulikausha vikombe vyote tukizungumza juu ya mvua tu. Jumapili iliyofuata kitambaa kilikuwa kimekwisha kutundikwa upande wangu. Ilinichukua muda kuelewa, Shangazi, kwamba nilikuwa nimekaribishwa.

Kila asubuhi kabla ya vipindi tunasali Sala ya Asubuhi katika kikanisa cha chuo, watu wanne au watano, na zaburi tunazisoma kwa kupokezana, upande huu aya moja na upande ule aya inayofuata. Katikati ya kila aya pana kituo, na hapo wote hunyamaza kwa muda wa kuvuta pumzi moja kabla ya kuendelea. Mimi sikulijua hilo. Siku ya kwanza nilisoma moja kwa moja kama tunavyosoma kwetu, sauti yangu ikasikika peke yake ndani ya ukimya wa wenzangu, nikaona aibu kubwa. Hakuna aliyenigeukia. Baada ya majuma kadhaa ukimya ule ulianza kuniingia mwilini. Ilifika asubuhi moja ya mwezi wa Februari, siku chache tangu Baba alipolazwa hospitali kule Houston, ambapo sikuwa na neno lolote la kumwambia Mungu, na nusu ya aya iliyosomwa na wenzangu ikanibeba hadi kwenye kituo, kisha kituo kikanibeba hadi kwenye aya iliyofuata. Kitabu chao cha sala cha mwaka 1662 kimezigawa zaburi zote 150 katika siku 30, asubuhi na jioni, kwa hiyo mtu hachagui zaburi inayolingana na moyo wake. Huletewa ya siku hiyo, awe na furaha au msiba. Kule Marekani nilizoea kuchagua.

Sasa nije kwenye hilo la "waliotuletea". Kanisa kuu la Durham, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1093, limesimama juu ya mwamba unaozungukwa na mto Wear, na mimi hupita humo karibu kila siku nikitoka maktaba. Sakafuni, upande wa magharibi, umetandazwa mstari wa jiwe jeusi unaokatiza kanisa kutoka nguzo hata nguzo. Enzi za watawa, mwanamke hakuruhusiwa kuuvuka. Mara ya kwanza nilisimama nyuma yake nikiutazama, viatu vyangu vikiwa karibu kuugusa, na nikakukumbuka wewe unavyofagia kanisa lote la Magila kila Jumamosi, hadi mbele kabisa. Kisha nikavuka. Kanisa la Uingereza lilianza kuwapa wanawake upadre mwaka 1994, na huko kwetu Tanzania dayosisi nyingine zinawapa na nyingine hazijakubali. Wewe unajua ninachokiomba, nami sitalirefusha jambo hilo hapa.

Nyuma ya mstari huo, upande ule ulioachiwa wanawake, ndiko lilipo kaburi la Bede, mtawa aliyekamilisha mwaka 731 historia ya Kanisa la watu wa Uingereza. Tunamsoma darasani. Katika kitabu hicho anaeleza jinsi Aidan alivyokuja kuhubiri sehemu hizi za kaskazini mwaka 635, akitokea kisiwa cha Iona, na kwa kuwa hakukijua vema Kiingereza, Mfalme Oswald mwenyewe akawa mkalimani wake mbele ya wakuu wake. Niliposoma hapo nilikifunga kitabu, Shangazi. Nilimwona marehemu babu, baba yako, amesimama kando ya padre Mzungu, akiyageuza mahubiri kuwa Kibondei kwa wazee waliokaa chini ya mwembe, kama ulivyotusimulia tukiwa wadogo. Watu hawa nao waliletewa. Walihubiriwa na mgeni asiyejua lugha yao, na neno likawafikia kupitia kinywa cha mtu wa kwao. Bede mwenyewe, alipokuwa anakaribia kufa mwaka 735, alikuwa bado akiitafsiri Injili ya Yohana kwa lugha ya watu wake, kazi ambayo zaidi ya miaka elfu moja baadaye Askofu Edward Steere na wenzake waliifanya kwa Kiswahili kule Unguja.

Na Durham si pageni kwetu kama tulivyodhani. Ile misheni ya Kianglikana ya UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojenga Magila iliundwa baada ya David Livingstone kuhutubia Cambridge mwaka 1857, na vyuo vikuu vilivyoiunga mkono vilikuwa vinne: Oxford, Cambridge, Durham na Dublin. Nakiri kwamba sikulijua hilo nilipoomba nafasi ya kusoma hapa. Nilitafuta mahali penye walimu wazuri wa Agano Jipya, nikajikuta katika mji ambao jina lake limo katika historia ya kanisa nililobatizwa.

Mambo mengine ya maisha hapa ni ya kawaida. Magari yanapita kushoto kama Muheza, na miguu yangu imekumbuka upesi kuliko akili. Mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, jambo lililonisumbua zaidi ya baridi yenyewe. Insha yangu ya kwanza ilipata alama 62, nami nikalia, maana Marekani alama hiyo ni ya mwanafunzi anayeelekea kushindwa. Mwalimu wangu alinieleza kwa upole kwamba hapa 70 ndiyo mlango wa daraja la kwanza na kwamba 62 ni kazi nzuri. Alhamisi ya nne ya Novemba, siku ambayo Wamarekani wote hukaa nyumbani kumshukuru Mungu kwa chakula, mimi nilikuwa darasa la Kiyunani kama siku nyingine yoyote.

Jambo moja linanifikirisha sana kama mtu mwenye pasi ya Marekani. Hapa mfalme ndiye mkuu wa Kanisa kidunia, na maaskofu 26 wana viti katika Baraza la Malodi, yaani baraza la juu la Bunge, askofu wa Durham akiwamo siku zote. Kwetu Marekani, Samuel Seabury, askofu wetu wa kwanza wa Kianglikana, ilimbidi awekewe mikono Aberdeen kule Uskoti mwaka 1784, kwa sababu Uingereza sheria ilimtaka ale kiapo cha utii kwa mfalme. Nimelelewa nikiamini kwamba Kanisa lisilotegemea serikali ndilo lenye nguvu, na bado naamini hivyo. Lakini hapa nimeona padre akienda kumzika mtu ambaye hakuwahi kuingia kanisani, kwa sababu tu aliishi ndani ya mipaka ya parokia yake, na padre akamtaja marehemu kama mtu wake. Wale thelathini wa Jumapili wanajiona wanasali kwa niaba ya mtaa mzima. Hicho ndicho ninachojifunza kwao, Shangazi, na sikukipata kwenye kanisa lililojaa.

Nina ombi. Sikukuu ya Pentekoste inakaribia, na padre amesema Matendo ya Mitume sura ya 2 itasomwa kwa lugha kadhaa. Mimi nimepewa Kiswahili. Nitasoma katika Biblia ile uliyonifungia kwenye khanga nilipoondoka nikiwa darasa la tano. Nikifika pale kwenye "Waparthi na Wamedi na Waelami" bado ulimi unanigoma, na sitaki kukosea mbele ya watu ambao hawatajua nimekosea. Nakuomba unisomee aya ya 1 hadi ya 11 kwa sauti yako ya pale mimbarini, polepole, unitumie kwa WhatsApp kabla ya Jumamosi. Yule mama wa vikombe ameniuliza kama anaweza kusikiliza pamoja nami.

Mtoto wa kaka yako