Andrés Escobar hakuwa ndugu wa Pablo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mwanamke mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa 16 naishi Jackson Heights, eneo la Queens, New York, ninakofanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Gazeti lako nalisoma kwenye simu kila Jumapili, na huwa naanzia kurasa za michezo.

Wiki iliyopita mwandishi wenu aliandika kuhusu timu ya taifa ya Kolombia. Alianza na dawa za kulevya. Akaja kwa Andrés Escobar, beki aliyejifunga kwenye Kombe la Dunia mwaka 1994 na kuuawa, tena akamtaja kuwa ni ndugu wa Pablo Escobar, yule bwana mkubwa wa dawa za kulevya. Wachezaji wa leo wakapata mistari minne mwishoni. Nilikuwa jikoni kwa jirani yangu wa ghorofa ya juu, mama wa miaka 63 kutoka Buenaventura, namtafsiria habari hiyo kwa Kihispania changu cha kuokoteza. Nilipofika kwenye neno "ndugu" nilizima simu. Sikuweza kulitamka mbele yake.

Buenaventura ni mji wa bandari kwenye Bahari ya Pasifiki, na wakazi wake wengi ni weusi, vizazi vya Waafrika waliopelekwa kule utumwani. Mara ya kwanza nilipokutana na mama huyu kwenye ngazi nilimsalimia kwa Kiswahili, nikidhani ni mtu wa kwetu. Akacheka sana. Tangu siku hiyo ananiita vecina, yaani jirani, nami namwita mama. Ukutani kwake, juu ya jiko, zipo picha mbili: Bikira Maria na Freddy Rincón, mchezaji wa zamani wa Kolombia. Rincón alizaliwa Buenaventura.

Simulizi ya Rincón nimeisikia labda mara hamsini na sichoki. Ni tarehe 19 Juni 1990, Milan. Kolombia wamerudi Kombe la Dunia baada ya miaka 28, wanacheza na Ujerumani Magharibi, haohao waliokuja kulichukua kombe. Mpira unakaribia kwisha, Littbarski anawafungia Wajerumani. Baba yake mama anazima redio na kutoka nje, hataki kuongea na mtu. Ndani ya dakika za majeruhi Valderrama wa Kolombia anampenyezea Rincón, naye anampiga tobo kipa Illgner. Bao 1-1. Baba mtu alilisikia bao kwa kelele za majirani, akarudi mbio kuwasha redio, mikono inatetemeka hata hapati stesheni.

Asiyewajua atauliza, sare gani ya kushangiliwa hadi leo? Niliuliza hivyohivyo. Mama alinijibu kwa kunihesabia: katika muda usiofika miezi tisa, kuanzia Agosti 1989, wagombea urais watatu waliuawa. Gazeti la El Espectador lililipuliwa kwa bomu. Ndege ya abiria ililipuliwa angani. Ukiwasha redio, anasema, moyo ulikuwa unatangulia kuogopa. Halafu asubuhi moja redio ileile ikalitaja jina la nchi yao na mtangazaji analia kwa furaha. Hilo ndilo lililomfanya ampachike Rincón karibu na Bikira Maria, na Rincón alipofariki Aprili 2022 baada ya ajali ya gari mjini Cali, aliwasha mshumaa ukakesha.

Siku nne baada ya Milan, Roger Milla alimpokonya mpira kipa Higuita kule Naples, na Kolombia wakatolewa na Kameruni. Hapo nami naingia kwenye hadithi. Nilikuwa na miaka 14, tunasikiliza redio kwa mjomba, tukatoka tukiimba jina la Milla hadi barabarani. Miaka mingi baadaye mama aliponiambia kwamba siku ileile kwao walilia, sikujua niseme nini. Akanishika mkono. Alisema kama kutolewa kulikuwa kumeandikwa, basi heri walitolewa na Waafrika.

Sitaki mdhani nawapamba. Tarehe 5 Septemba 1993 waliifunga Argentina mabao 5-0 kwenye uwanja wake wa Monumental, Buenos Aires: Rincón mawili, Asprilla mawili, Valencia moja. Usiku huo shangwe ziliua watu, Bogotá na kwingineko. Mama hafichi, yeye ndiye aliyenieleza kabla sijasoma popote, na akanieleza akiwa ameinamisha kichwa.

Sasa Andrés. Alikuwa beki wa Atlético Nacional ya Medellín, klabu ya kwanza ya Kolombia kutwaa Copa Libertadores, yaani ubingwa wa klabu za Amerika Kusini, mwaka 1989. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameifunga Uingereza kwa kichwa pale Wembley. Kwao walimwita muungwana wa soka. Tarehe 22 Juni 1994, karibu na Los Angeles, alijinyoosha kuzuia krosi ya Marekani na mpira ukaingia kwenye lango lake. Alirudi nyumbani, akaandika katika gazeti la El Tiempo kwamba maisha hayaishii hapa. Tarehe 2 Julai alipigwa risasi Medellín. Alikuwa na miaka 27. Escobar ni jina la ukoo lililoenea kule kama Mhina au Mhando lilivyoenea kwetu Tanga. Kumfanya ndugu wa mtu aliyewatesa wananchi wenzake ni kumzika mara ya pili, na kumzika pabaya.

Kwa nini mwandishi wenu hakuandika habari ya Luis Díaz, mshambuliaji wa Kolombia ya leo? Tarehe 28 Oktoba 2023 wazazi wake walitekwa huko Barrancas, mkoa wa La Guajira. Mama yake Díaz aliokolewa saa chache baadaye, lakini baba yake alishikiliwa na waasi wa ELN siku 12. Wiki moja baada ya kuachiwa, tarehe 16 Novemba, Kolombia walicheza na Brazil mjini Barranquilla. Tuliangalia kwenye mgahawa mmoja chini ya reli ya treni namba 7, watu wamebanana, nusu yao wamekuja na sare za kazi. Brazil walikuwa mbele 1-0. Dakika ya 75 Díaz akafunga kwa kichwa. Dakika ya 79 akafunga tena, kwa kichwa. Kamera ikamwonyesha baba yake jukwaani, analia, anaishiwa nguvu, watu wamemshika. Mgahawa mzima ulilia. Nililia nami, na mimi si Mkolombia.

Mahali anapofanya usafi mama yupo msimamizi ambaye kila akisikia Kolombia hugusa pua, huvuta pumzi kama anayenusa kokeini, na kucheka. Amefanya hivyo miaka. Tarehe 14 Julai 2024 Kolombia walipoteza fainali ya Copa América, kombe la mataifa ya Amerika, kwa Argentina, bao 1-0 kwenye muda wa nyongeza, baada ya mechi 28 bila kufungwa. Kesho yake, Jumatatu, saa 11 alfajiri, nilimkuta mama kwenye ngazi amevaa jezi ya njano. Nikamwambia, mama, mmefungwa. Akasema ndiyo sababu anaivaa. Kazini msimamizi akavuta pua kama kawaida yake. Mama hakumjibu, alimgeuzia mgongo tu asome jina la nahodha wao: James, namba 10.

Mhariri, mwandishi wenu naye amevuta pua, mbele ya wasomaji wote wa gazeti lako. Najua hakukusudia, ameandika alichozoea kusoma. Ila nawaomba mchapishe sahihisho, kwenye ukurasa uleule na kwa herufi zinazosomeka, kwamba Andrés Escobar hakuwa na udugu wowote na Pablo Escobar. Likitoka mnijulishe tarehe. Nitapanda juu nimsomee mama, na safari hii nitasoma hadi mwisho.

Msomaji wako, mzaliwa wa Tanga
Jackson Heights, New York